Mafuta ya Kupozea Mitambo ya Umeme: Yapi Yanunuliwe na Yapi Yakataliwe

Mashine ya kuchomelea ya aina ya zamani, ile nzito yenye tangi la chuma na mapezi ubavuni, hupozwa kwa mafuta. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya stabilaiza kubwa za viwanda vidogo, pamoja na transfoma binafsi zinazofungwa kwenye mashine za kusaga, mashamba ya kuku na majengo yanayotumia umeme mwingi. Siku moja mwenye karakana ya Keko, Tandika au Tegeta huona kwamba mafuta yamepungua, au yamekuwa meusi, na kwamba mashine inachemka kabla ya saa sita. Anahitaji lita ishirini. Dukani ataambiwa bei itakayomfanya afikiri mara mbili. Kisha hujitokeza mtu mwenye dumu la njano lisilo na maandishi, anayeyauza mafuta yake kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na kuapa kwamba ni mafuta ya transfoma halisi.

Huenda hasemi uongo. Huenda kweli ni mafuta ya transfoma, na hilo hasa ndilo linalotutia wasiwasi.

Ili mtumiaji achague vyema, inafaa kwanza ajue mafuta hayo yana kazi gani ndani ya tangi. Kazi ni mbili. Ya kwanza ni kubeba joto: koili za shaba au alumini hupata moto umeme unapopita, mafuta yanayozizunguka hupokea joto hilo, hupanda juu, huteremka kupitia kwenye mapezi, hupoa na kurudi chini. Ya pili ni kuhami, yaani kuuzuia umeme usiruke kutoka koili moja hadi nyingine au kutoka koili hadi kwenye chuma cha tangi. Katika transfoma ya mtaani, inayoshusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi volti 400 na 230 za majumbani, kazi hii ya pili ni suala la uhai na kifo. Katika mashine ya kuchomelea volteji ni ndogo zaidi, hivyo mzigo wa kuhami ni mwepesi na mzigo wa joto ni mkubwa. Hiyo ndiyo sababu fundi anaweza kumimina karibu mafuta yoyote, akawasha, akachomelea mageti mawili, na kuwaambia wenzake kwamba inafanya kazi. Inafanya kazi kwa muda. Wakati huo varnishi inayofunika waya huendelea kulainika, raba za kuzibia huvimba, na mwisho wake ni mashine iliyoungua au mtu aliyepigwa na umeme kwa kushika tangi.

Adui mkubwa wa mafuta haya katika jiji letu ni unyevu. Dar es Salaam ni mji wa pwani, na hewa yake hubeba maji mwaka mzima. Mafuta safi ya kuhami hunyonya unyevu huo pole pole kila chombo kinapoachwa wazi. Kiwango cha kimataifa cha mafuta mapya ya madini kwa ajili ya transfoma, kinachojulikana kama IEC 60296, hakiruhusu zaidi ya miligramu 40 za maji katika kila kilo ya mafuta yaliyoletwa kwa pipa. Hayo ni kama matone machache tu katika dumu zima. Kiwango hicho kinataka pia mafuta yanapofika yaweze kuhimili angalau kilovolti 30 katika kipimo cha maabara, ambapo umeme hulazimishwa kuruka pengo la milimita mbili na nusu ndani ya mafuta. Baada ya kukaushwa na kuchujwa yanapaswa kuhimili kilovolti 70. Dumu lililokaa wiki tatu nyuma ya kibanda, kifuniko kikiwa kimelegea na mvua za masika zikinyesha, haliwezi kuaminiwa kufaulu kipimo hicho hata kama lilijazwa mafuta bora kabisa. Jicho halioni unyevu huo. Mafuta yakianza kuonekana yana ukungu ujue yamekwisha kuharibika siku nyingi.

Kwa hiyo tunamshauri mwenye transfoma binafsi aitazame ile chupa ndogo ya kupumulia iliyo pembeni ya tangi, yenye chengachenga za silika. Chengachenga hizo hubadilika rangi zinaposhiba unyevu: katika aina ya zamani hutoka buluu kuwa waridi, na katika aina mpya rangi ya chungwa hupotea au hugeuka kijani. Zikibadilika, zibadilishwe. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuyabadilisha mafuta yote.

Sasa tuyataje mafuta yasiyofaa, kwa kuwa ndiyo yanayotumika zaidi. Oili ya injini, hata ikiwa mpya, ina kemikali za kusafisha injini ambazo hushika maji na chembe za chuma zikaelea ndani yake. Kwa injini hilo ni jema, kwa koili ni hasara. Oili chafu iliyomwagwa gereji ni mbaya maradufu, maana ina masizi na vumbi la chuma. Dizeli na mafuta ya taa ni mepesi, hupoza vizuri, na ndiyo yanayoweza kuua haraka kuliko yote: mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kwenye nyuzijoto 40 hivi, ilhali mafuta ya transfoma yanayokidhi kiwango hayashiki kabla ya nyuzijoto 135. Kuyatia mafuta ya taa ndani ya sanduku la umeme, palepale cheche zinaporuka kutwa nzima, ni jambo ambalo hatupati maneno ya kulieleza.

Mafuta ya kula nayo hutumika, hasa fundi akiwa na haraka. Alizeti na mawese hayana sumu, hilo ni kweli. Lakini yakikaa kwenye joto huku hewa inapita huoza, huwa na asidi, hunata kama gundi na kuziba njia za kupozea. Mawese huganda hata kwa ubaridi wa usiku wa Julai. Msomaji makini atasema kwamba siku hizi zipo transfoma zinazotumia mafuta ya mimea. Zipo, na ni nzuri: mafuta hayo, yanayofuata kiwango cha IEC 62770, hayawaki moto wa kuendelea hadi yapite nyuzijoto 300, na yakimwagika huoza ardhini bila madhara makubwa. Ila yamesafishwa, yamekaushwa, yametiwa viungo vya kuzuia kuoza, na hutumika katika matangi yaliyofungwa yasiingize hewa. Kati yake na chupa ya jikoni kuna ujamaa wa jina tu.

Turudi kwenye lile dumu la njano.

Wizi wa mafuta ya transfoma ni tatizo la miaka mingi Tanzania na Kenya. Transfoma ya mtaani hubeba lita mia moja, mia mbili au zaidi kulingana na ukubwa wake. Wezi hufungua koki usiku, hukinga mafuta, na transfoma iliyobaki kavu huchemka hadi kuungua. Mtaa mzima huingia gizani, friji za wauza samaki huyeyuka, na shirika la umeme hulazimika kuleta transfoma nyingine kwa fedha ambazo hatimaye ni za wateja. Anayelinunua dumu hilo akijua lilikotoka anafanya kosa la kupokea mali ya wizi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Tunalitaja hilo kwanza kwa sababu ni rahisi kueleweka. La pili ni zito zaidi.

Kuanzia mwaka 1929 viwanda vya Marekani, na baadaye vya Ulaya na Japani, vilitengeneza kemikali inayoitwa bifenili zenye klorini nyingi, inayojulikana kwa ufupisho PCB. (Mafundi wa simu na kompyuta hutumia herufi hizohizo kwa bodi ya saketi, ni vitu viwili visivyohusiana kabisa.) Ilisifiwa kama mafuta kamili ya kupozea umeme: haikuungua kwa urahisi, haikuoza, haikuchakaa. Sifa hiyo ya kutochakaa ndiyo iliyogeuka balaa. PCB ikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo miaka mingi. Mama humpitishia mtoto tumboni na kwa maziwa. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, na nchi nyingine nyingi zikafuata. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, mkataba unaozitaka nchi wanachama ziondoe katika matumizi vifaa vyenye PCB ifikapo mwaka 2025 na kuziteketeza taka zake kwa njia salama ifikapo 2028. Lakini transfoma huishi miaka arobaini na zaidi, na sumu hii haikubaki ndani ya zile zilizojazwa PCB tupu. Ilisambaa: pampu moja ilitumika kujazia transfoma ya zamani leo na mpya kesho, pipa lililobeba mafuta machafu likabeba masafi. Ndiyo maana transfoma iliyotengenezwa kwa mafuta ya kawaida ya madini inaweza kuwa na PCB, na umri wa chuma hausemi lolote la hakika juu ya mafuta yaliyomo. Mkataba unahesabu kuwa ni hatari mafuta yenye zaidi ya miligramu 50 za PCB katika kilo moja. Kwa macho, kwa pua na kwa vidole mafuta hayo hayatofautiani hata kidogo na mafuta safi.

Wapo mafundi wanaojua kipimo cha maji. Hudondosha tone la mafuta kwenye glasi ya maji. Likizama wanasema lina PCB, likielea wanasema ni salama. Nusu ya kwanza ina ukweli, kwa kuwa PCB tupu ni nzito kuliko maji. Nusu ya pili ni ya kupotosha. Mafuta ya madini yaliyochanganyika na PCB kwa kiasi kinachotosha kuvuka kiwango cha hatari mara kumi au mara ishirini bado yataelea kwa raha zote. Wala mtumiaji asijaribu kuyachoma ili aone rangi ya moto: PCB ikiungua vibaya huzaa furani na dioksini, ambazo ni sumu kali kuliko yenyewe. Kipimo kinachokubalika ni cha maabara.

Hapa ndipo suala linapotoka karakana na kuingia jikoni. Imesemwa mara nyingi, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kwamba mafuta ya transfoma huchanganywa na mafuta ya kukaangia chipsi, mihogo na samaki. Sababu yake ni ya kibiashara. Mafuta ya mimea yakikaangiwa siku nzima hubadilika rangi, hutoa povu na kuwa mazito, na muuzaji hana budi kuyamwaga. Mafuta ya madini hayafanyi hivyo upesi, kwa hiyo mchanganyiko hudumu, na muuzaji huokoa fedha. Mlaji ndiye analipa. Hata bila PCB, mafuta ya petroli yaliyokaa ndani ya tangi la umeme kwa miaka ishirini, yakiwa na asidi na mabaki ya karatasi na shaba, si chakula. Aidha chipsi hukaangwa kwenye nyuzijoto 170 hadi 180, joto linalopita kile kiwango cha nyuzijoto 135 tulichokitaja. Kwa hiyo mvuke wa mafuta hayo unaweza kushika moto juu ya karai lenye makaa chini yake, na mkaangaji ndiye aliye karibu zaidi.

Dunia imekwisha kuona yanayotokea PCB inapoingia katika chakula. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, bomba lililopitisha PCB kwa ajili ya kupasha joto lilivuja ndani ya kiwanda cha mafuta ya pumba za mpunga. Kuku waliolishwa mabaki ya mafuta hayo walikufa kwa wingi kabla ya chanzo kujulikana. Watu waliokula mafuta yenyewe walitokwa na vipele vigumu usoni na mwilini, macho yakatoa uchafu, kucha zikawa nyeusi. Baadhi ya watoto walizaliwa na ngozi iliyobadilika rangi. Zaidi ya watu elfu moja walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, na ugonjwa huo ukaitwa Yusho. Mwaka 1979 msiba wa namna hiyohiyo ukatokea Taiwan. Na mwaka 1999, nchini Ubelgiji, mafuta yenye PCB yaliingia katika mafuta yaliyokusanywa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Kuku na mayai vikaondolewa madukani nchi nzima. Kila mara chombo kilichokusudiwa kwa mtambo kilikuwa kimekaribiana mno na chombo kilichokusudiwa kwa chakula. Dumu la njano linalobeba mafuta ya kula Jumatatu na mafuta ya transfoma Alhamisi linafanya kazi ileile.

Mlaji wa kawaida hawezi kuyagundua mafuta hayo kwa kuonja, na hatutamdanganya kwamba anaweza. Anachoweza ni kuuliza. Mkaangaji mwaminifu wa Mbagala au Mwananyamala haoni haya kukuonyesha dumu alilonunulia mafuta, likiwa na jina la mtengenezaji, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Anayekujibu kwa hasira amekujibu.

Kwa anayenunua mafuta ya mashine, swali la kwanza dukani lisiwe bei. Aulize cheti cha uchambuzi cha toleo hilo, na namba ya toleo iliyo kwenye cheti iwe ileile iliyo kwenye pipa. Cheti kitaje kiwango cha IEC 60296 kwa mafuta ya madini, kitaje kipimo cha kilovolti, unyevu, na kieleze kwamba PCB haikuonekana. Lakiri iwe haijavunjwa. Duka likikupimia lita ishirini kutoka kwenye pipa lililo wazi, cheti hicho kimekwisha kupoteza nguvu yake mbele ya macho yako, kwa maana kinazungumzia mafuta yaliyokuwemo kabla ya kufunguliwa. Mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kununua pipa zima lililofungwa. Mara nyingi bei ya lita moja hushuka, na kila mmoja hupata mafuta yenye asili inayojulikana. Usichanganye mafuta ya madini na ya silikoni, kwa kuwa hata kiasi kidogo cha silikoni huleta povu. Na kabla ya kununua chochote, soma kibati cha mashine, kwani mtengenezaji huwa ameandika aina inayofaa.

Neno fupi kwa vijana wanaotaka kuzamisha kompyuta katika mafuta ili zisichemke. Inawezekana, na katika vituo vikubwa vya data hufanyika kwa vimiminika maalumu. Nyumbani, mafuta ya madini hufanya plastiki ya nyaya kuwa ngumu na kupasuka, hupanda kupitia ndani ya waya hadi kumwagika mezani, na huua diski ya kuzunguka yenye tundu la hewa. Feni nzuri na kusafisha vumbi hugharimu kidogo zaidi. Anayeshikilia nia yake anunue mafuta mapya yenye cheti, na asiyaguse yale ya dumu.

Moto ukitokea kwenye mashine yenye mafuta, zima umeme kwanza, usimwage maji. Tumia kizimamoto cha hewa ya ukaa au cha unga, au mchanga mkavu, na upige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Aliye tayari na dumu la asili isiyojulikana, au na mashine aliyoijazia mafuta hayo, asiyamwage mferejini wala kwenye mto Msimbazi au Mzinga, asiyapake mbao kuzuia mchwa, asiwashie tanuri, wala asiyauze kwa mwingine. Ayafunge vizuri, aandike juu ya chombo kwa herufi kubwa kwamba ni mafuta ya umeme na si ya kula, ayaweke mbali na watoto, na aulize Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) juu ya mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Sampuli inaweza kupelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Itiwe katika chupa safi ya kioo, kavu kabisa, isiyowahi kubeba mafuta mengine, nayo ijazwe hadi shingoni. Aliyeyashika kwa mikono anawe kwa sabuni na maji mengi kabla ya kula au kumbeba mtoto, na nguo alizochafulia zifuliwe peke yake. Anayeshuku kwamba mafuta hayo yanatumika katika chakula atoe taarifa TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, au kwa ofisa afya wa kata yake, akitaja mahali, siku na saa aliyoyaona.